KHUTBA YA IJUMAA: MOYO, DAMU NA HAKI YA JIRANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyemuumba mwanadamu hatua kwa hatua ndani ya tumbo la mama yake, akamtilia moyo na kuuamuru upige kabla mama mwenyewe hajamhisi mtoto akicheza. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baad.



Kila aliyepita chuoni amefundishwa hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) ametueleza kwamba hali ya mwili mzima inafuata hali ya kipande kimoja cha nyama, nacho ni moyo. Tukiisoma hadithi hiyo sisi maimamu tunakimbilia husuda, kiburi na unafiki, na hayo ni kweli. Lakini leo nataka tukae na ile nyama yenyewe, na damu inayopita ndani yake. Sababu ni hii: hapa Masisi na Walikale tunaswalia maiti ambazo zilikosa kitu kimoja tu, mfuko mmoja wa damu, na damu hiyo ilikuwa inatembea katika mishipa ya watu waliosimama mlangoni pa hospitali wakilia.

Kunja ngumi yako. Moyo wako una ukubwa unaokaribia huo. Umekaa kifuani kati ya mapafu mawili, umeelemea kidogo upande wa kushoto. Ndani yake mna vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na katikati kuna ukuta unaotenga kulia na kushoto. Upande wa kulia hupokea damu iliyochoka, iliyorudi kutoka kichwani, mikononi, tumboni na miguuni, na kuisukuma kwenye mapafu ikachukue hewa safi. Upande wa kushoto huipokea ikiwa imechangamka na kuisukuma mwili mzima. Kati ya vyumba kuna milango inayofunguka upande mmoja tu, ili damu isirudi nyuma. Ile sauti ya tu-ta, tu-ta unayoisikia ukiweka sikio kwenye kifua cha mtoto ni milango hiyo ikijifunga.

Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga kama mara 70 kwa dakika. Hesabu mwenyewe: ni kama mara 100,000 kwa siku moja. Mu'adhini wetu hulala, walinzi hulala hata pale wanapolipwa wasilale, lakini moyo haulali. Kila dakika husukuma kama lita 5 za damu, na mwili wa mtu mzima una kama lita 5 tu. Maana yake ni kwamba damu yako yote hukuzunguka na kurudi karibu kila dakika moja. Mto Lowa unateremka kutoka milima yetu, unapita Walikale, unaingia Lualaba, na maji yaliyopita hayarudi. Damu hurudi.

Watu walichukua muda mrefu kulijua jambo hilo. Galen, tabibu wa Kiyunani aliyeishi zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, alifundisha kwamba damu hutengenezwa kwenye ini, huenda viungoni na kuishia huko, kama shamba linavyonywa maji ya mfereji. Alisema pia kwamba ule ukuta wa katikati ya moyo una vitundu ambavyo damu hupenya. Madaktari wakamfuata kwa karne nyingi. Aliyempinga juu ya vile vitundu alikuwa Ibn al-Nafis, aliyetoka upande wa Damascus na kufanya kazi Cairo mpaka alipofariki mwaka 1288. Alikuwa tabibu, na alikuwa pia mwanachuoni wa fiqhi ya Imam Shafi'i, madhehebu haya haya tunayoyafuata sisi. Alipokuwa akiisherehesha Qanun ya Ibn Sina aliandika kwamba ukuta ule hauna tundu lolote, na damu ya kulia haifiki kushoto ila kwa kupita mapafuni. Maandishi yake yalisahauliwa makabatini mpaka mwaka 1924, daktari wa Kimisri Muhyi al-Din al-Tatawi alipoyakuta katika maktaba ya Berlin. Kabla ya hapo, mwaka 1628, Mwingereza William Harvey alikuwa ameonyesha mzunguko mzima. Nawaambia haya vijana wanaodhani kwamba mwenye kusoma dini hana haja na somo la biolojia, na wale wa biolojia wanaodhani kinyume chake.

Tuje kwenye damu. Ukiiona ni nyekundu tu, unaidhani ni maji yenye rangi. Sivyo. Zaidi ya nusu yake ni majimaji ya manjano, na ndani yake zinaelea chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe ambazo ni askari wa mwili, na vipande vidogo vinavyoziba jeraha. Chembe nyekundu hutengenezwa ndani ya mifupa. Kila moja huishi kama siku 120, kisha hufa na nyingine huchukua nafasi yake. Hiyo siku 120 naomba muikumbuke, kwa sababu maana yake ni kwamba damu uliyonayo leo, hata ukiinyima watu wote, baada ya miezi minne utakuwa umeipoteza.

Lita 5 za mtu mzima ni robo ya bidoni ya lita 20. Mtoto wa kilo 10 je? Ana kama mililita 800 tu, haijai chupa ya lita moja. Sasa mtoto huyo akiumwa malaria, vijidudu vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu, huzaana humo, kisha huzipasua na kuingia nyingine. Siku chache tu, viganja vya mtoto vinakuwa vyeupe, ukifunua kope lake la chini ndani kumepauka, anahema mbio, na moyo unapiga kama ngoma. Moyo huo haujaharibika. Unafanya kazi ya kukata tamaa: wabebaji wa hewa wamebaki wachache, basi unawatuma safari nyingi zaidi. Mtoto wa namna hiyo haponi kwa kupakwa mafuta wala kwa kufungiwa kamba. Hata serumu peke yake haimtoshi, kwa sababu serumu haibebi hewa. Anataka dawa ya malaria, na anataka damu.

Kadhalika mama aliyejifungua. Wakati mimba imekomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita katika mji wa mimba kila dakika. Mtoto akishatoka, mji wa mimba usipojikaza na kufunga mishipa yake, mama anaweza kuisha mbele ya macho yenu kabla kipoyi hakijafungwa. Ndiyo maana nimesema mara nyingi, na nitaendelea kusema, mama mwenye mimba ya miezi tisa asingojee uchungu akiwa kijijini ng'ambo ya mto. Na kuna wale wa machimboni walioangukiwa na udongo, na wa ajali za moto, na wa risasi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 vita vilifika mji wa Masisi mwezi wa Januari, na mji wa Walikale mwezi wa Machi. Sisemi hapa nani alikuwa na haki na nani hakuwa nayo. Ninachosema ni kwamba jeraha la risasi halimngojei mtu njia zifunguke.

Wengine wanasema, damu ipo Goma, wailete. Damu haikai kama mchele. Inataka friji yenye baridi ya nyuzi 2 hadi 6, na hata humo chembe nyekundu hazikai zaidi ya wiki sita. Kutoka Goma hadi Masisi ni kama kilomita 80, na mnaijua njia ile wakati wa mvua. Hadi Walikale ni zaidi ya kilomita 200. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kuisaidia hospitali kuu ya Masisi mwaka 2007, na wasaidizi wengine wamekuja na kuondoka. Wameleta dawa, mahema na wapasuaji. Damu hakuna kiwanda kinachoitengeneza. Inatoka kwa mtu, tena kwa mtu aliye karibu.

Sasa nitaeleza jambo nililoliona, bila kutaja mahali. Niliitwa usiku kwa mtoto wa muumini wetu mmoja, msichana wa miaka miwili, amepauka kabisa. Mlangoni walisimama wanaume watatu, baba na ami wawili. Muuguzi akauliza nani atatoa damu. Ami mmoja akasema anakwenda kilimani kutafuta mtandao apige simu, na hatukumwona tena mpaka asubuhi. Wa pili akasema ana vidonda vya tumbo. Baba akasema: mimi nachimba, nabeba mizigo, wakinitoa damu nani atawalisha hawa wengine? Mimi nilipimwa, kundi langu halikufaa. Aliyefaa alikuwa motari aliyemleta mtoto, kijana Mkristo, wa kabila jingine, ambaye alikuwa bado anangoja alipwe nauli yake. Alikunja mkono wa shati akalala kitandani. Kabla ya alfajiri mtoto aliomba maji.

Baba yule tusimlaani. Ana hofu ambayo wengi humu ndani mnayo, basi tuijibu. Mfuko mmoja ni kama mililita 450, chini ya sehemu moja ya kumi ya damu yako. Yale majimaji mwili huyarudisha ndani ya siku moja au mbili ukinywa vizuri. Chembe nyekundu hurudi baada ya wiki kadhaa, na chakula cha kuzisaidia tunacho: maharagwe, sombe, lengalenga, nyama kwa aliyejaliwa. Siku ile ya kutoa usishuke shimoni wala usibebe gunia. Siku zinazofuata nguvu zinarudi. Mwanaume anaweza kutoa tena baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya miezi minne. Nastaajabu kuona wazee wanaoumikwa kwa pembe mgongoni wakiona damu ikimwagwa chini bila wasiwasi, kisha wakiombwa damu hiyo ikaingie kwa mjukuu, wanatetemeka.

Hofu nyingine ni kupimwa. Kweli, damu yoyote hupimwa UKIMWI, homa ya ini aina ya B na ya C, na kaswende kabla ya kumpa mgonjwa. Sindano ni mpya, ikitumika mara moja hutupwa, kwa hiyo hupati ugonjwa kwa kutoa. Na ukikutwa na ugonjwa, umeupata habari mapema, na dawa za UKIMWI zipo, watu wanaishi nazo miaka na kuoa na kuzaa. Kutojua hakumponyi mtu.

Je, sheria yetu inasemaje? Hapa nimeulizwa mara nyingi. Damu iliyotoka ni najisi, na Qur'ani imeiharamisha kuliwa, katika Suratul Baqara aya ya 173 na kwingineko. Lakini aya hiyo hiyo imemwondolea dhambi aliyefikwa na dharura asiyekusudia kuasi. Wanachuoni wa zama zetu wameruhusu kumtia mgonjwa damu anapoihitaji, ikiwa mtoaji hadhuriki. Katika Suratul Maida aya ya 32 Mola wetu amekulinganisha kuokoa nafsi moja na kuokoa watu wote. Ama kuiuza, hapana: Mtume (s.a.w.) amekataza thamani ya damu, na hadithi hiyo imo katika Bukhari. Anayesimama mlangoni pa hospitali akimdai maskini fedha ndipo atoe mkono, pato lake ni haramu. Mgonjwa aliyelazimika kulipa hana dhambi, dhambi ni ya aliyepokea. Lakini kumpa mtoaji soda, maziwa au sahani ya bugali ni ukarimu, wala haimo katika hayo.

Na je, aliyepewa damu amekuwa ndugu wa aliyempa, kama wa ziwa moja, wasioane? Hapana. Baraza la Fiqhi lililokutana Makka mwaka 1989 lilitoa uamuzi kwamba damu haileti uharamu wa ndoa kama unavyoletwa na kunyonya. Udhu nao, kwa madhehebu yetu, hautenguki kwa damu ya mkononi, safisha mahali palipotoka. Na katika Ramadhani, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) aliumikwa naye amefunga, wengi wa wanachuoni wetu hawasemi kwamba funga imevunjika, ila imechukiza kwa anayedhoofika. Toa usiku baada ya futari, isipokuwa mgonjwa hawezi kungoja.

Narudi kwa yule baba, kwa sababu jambo lake halikuishia pale. Baadaye alikubali kupimwa, akaonekana ni kundi A, na mtoto ni kundi O. Basi mnong'ono ukaanza nyumbani: damu imekataana, mtoto si wake. Ndugu zangu, neno hili limevunja ndoa, na limevunja ndoa za wanawake wasio na kosa. Sikilizeni. Makundi ya damu ni manne, A, B, AB na O, yaliyogunduliwa na daktari Karl Landsteiner wa Austria na wenzake mwanzoni mwa karne iliyopita. Kila mtu amerithi sehemu mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye kundi A anaweza kuwa amebeba O iliyojificha chini ya A. Mwenye B vilevile. Wakioana hao wawili, watoto wao wa tumbo moja wanaweza kuwa A, B, AB au O. Baba A, mama B, mtoto O, wala hakuna dhambi iliyotendeka. Damu ya baba haikufaa kwa mtoto kwa sababu mwili wa mwenye O huipiga vita A, hata ikitoka kwa mzazi wake. Hiyo ndiyo sababu wauguzi hupima na kuchanganya tone kwa tone kabla ya kutia. Anayemnyoshea mke kidole cha zinaa kwa ushahidi wa karatasi ya maabara kama hiyo, akumbuke Suratun Nur aya ya 4, mashahidi wanne ni wepi na adhabu ya mwongo ni ipi. Niliketi na familia ile mara mbili mpaka wakaelewa.

Nimebakiwa na neno moja zito. Tangu vita vya mwaka 1993, vilivyoanzia soko la Ntoto kule Walikale vikaenea Masisi, neno damu katika milima hii limekuwa neno la kuhesabiana. Damu yao, damu yetu. Mhunde, Mnyanga, Mtembo, Mkumu, Mhutu, Mtutsi, kila mmoja ameambiwa ya kwake ni nyingine. Nendeni maabara mkatazame mfuko. Utaona herufi, utaona alama ya kujumlisha au ya kutoa, utaona namba na tarehe. Kabila hutaliona, kwa sababu hakuna kipimo kinacholionyesha. Anaweza Mhutu wa O akamfaa Mhunde, na ndugu wa Mhunde huyo wa tumbo moja asimfae. Nimesikia kwa masikio yangu mtu akisema afadhali mwanawe afe kuliko kutiwa damu ya fulani. Mtu huyo anaswali swala tano. Swala hiyo inamwamkia nani?

Sasa ya kutenda. Tukiwa na likelemba ya fedha hatungojei msiba ndipo tuanze kuchanga. Na damu iwe hivyo hivyo. Watu wajulikane kabla, wapimwe kundi kabla, ili muuguzi akipiga simu usiku ajue amwite nani. Anayefaa ni mwenye miaka 18 hadi 60, mzito wa kilo 50 au zaidi, asiyeumwa. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha asijiandikishe sasa. Wenye kundi O tunawahitaji zaidi, maana chembe zao huwafaa wengi.

Na kwa jeraha linalovuja damu njiani, msitie majivu, udongo wala samadi. Chukua kitambaa safi, kandamiza juu ya jeraha kwa nguvu, usiachie kila dakika kuchungulia, mkimbize mtu hospitali mkono wako ukiwa bado umekandamiza. Habari za tansio na chumvi tutaziweka kwa Ijumaa nyingine, khutba imekuwa ndefu na wengine mnatoka mbali.

Baada ya swala katibu atakaa barazani na daftari. Ataandika jina, umri, mtaa au kijiji, namba ya simu kwa aliye nayo, na kundi la damu kwa anayelijua. Safu ya kabila hatukuiweka, na jirani asiye Mwislamu akitaka kujiandikisha aandikwe. Akina mama wataandikwa na mwalimu wa madrasa ya wasichana. Hapa msikitini hatutoi damu, tunaandika tu. Watakaoitwa waende maabara wakiwa wamekula na kunywa maji ya kutosha, wakichukua karata yao kama wanayo.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu walioko hospitali na walioko majumbani, wafungulie njia waliokwama, na uwarehemu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.